Mpenzi wa Mpira Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Kura ya Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa mwaka 2024 ilikusanya nchi nne katika kundi F: Moroko, Zambia, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi walioitazama orodha hiyo waliiona kwanza Moroko, iliyokuwa imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022, kisha wakawaona watatu wengine nyuma yake. Mtu wa Kigoma alikuwa na sababu ya kuisoma orodha ile kwa namna nyingine. Nchi tatu kati ya nne zile hunywa maji ya ziwa moja. Laiti Burundi ingalifuzu na kukaa mahali pa Moroko, kundi zima lingaliweza kuitwa kwa jina la Ziwa Tanganyika.

Mpenzi wa mpira hudhaniwa aghalabu kuwa mtu wa moyo mmoja. Timu yake ikishinda hufurahi, ikishindwa huhuzunika, na mambo ya timu nyingine si yake. Dhana hiyo ina ukweli katika miji mingi. Lakini katika mwambao wa ziwa, kutoka Ujiji hadi Kibirizi, haitoshi. Na mwenye kutaka kufahamu sababu yake hana budi kuanza na habari zilizoutangulia mpira wenyewe.

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 walikuta njia ambayo wengine walikuwa wameizoea tangu zamani. Misafara iliyotoka pwani kwa njia ya Tabora iliishia hapo kwa miguu, ikaendelea kwa mitumbwi. Ujiji haukuwa mwisho wa nchi, ulikuwa kivuko. Pembe za ndovu zilivuka kuja mashariki, na pamoja nazo watumwa waliotekwa Manyema. Kiswahili nacho kilivuka kwenda magharibi kikakaa huko mpaka leo. Miongoni mwa Wamanyema waliovuka, wengine walifungwa minyororo na wengine walikuja kwa hiari yao; wajukuu wa wote hao ni wenyeji wa Ujiji, wala hapana awezaye kuieleza historia ya mji huo akawaacha nje.

Ndipo ukaja mpaka. Mwishoni mwa karne ya 19 Wadachi walijitwalia upande wa mashariki, na Mfalme Leopold wa Ubelgiji upande wa magharibi, na mstari ukapigwa katikati ya maji ambapo jicho halioni kitu. Reli ya Wadachi ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 askari wa Ubelgiji waliuteka mji, wakautawala hadi mwaka 1921, na walipowaachia Waingereza walibakiza gati lao hapo kwa mizigo ya Kongo, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Hivyo mtu wa Ujiji aliyezaliwa mwaka 1890 aliweza kutawaliwa na Mdachi, Mbelgiji na Mwingereza bila ya kuhama nyumba yake. Bendera zilipita juu ya kichwa chake. Ndugu zake wa ng'ambo walibaki ndugu.

Mpira wa miguu, au kabumbu kama walivyopenda kuuita watangazaji wa zamani, uliwakuta watu wa namna hii. Uliwapa jambo ambalo reli na gati havikuwapa: siku ya kuulizwa waziwazi, mbele ya watu, wewe ni wa upande gani.

Machi 1974, mjini Cairo, Zaire ilikutana na Zambia katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Zaire ndilo jina la Kongo kwa wakati ule. Basi nchi mbili za ziwa zikawa zinagombea ubingwa wa bara zima. Tarehe 12 zilitoka sare ya mabao 2-2. Zikarudiana tarehe 14, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi mbili hizo yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na kwa nusu karne iliyofuata hakutokea mwingine aliyeyafikia katika mashindano ya mara moja.

Miezi mitatu baadaye Zaire ilikwenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kuingia Kombe la Dunia. Yaliyotokea huko yanajulikana. Ilifungwa na Uskoti 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazil 3-0. Katika mechi ya Brazil, wakati Wabrazil walipokuwa wakijiandaa kupiga mpira wa adhabu, mlinzi Mwepu Ilunga alichomoka mbio kutoka katika ukuta wa wenzake akaupiga mpira ule mbali. Dunia ilicheka. Ilisemwa kwamba Waafrika hawajui hata sheria za mchezo. Mwepu alieleza miaka mingi baadaye kwamba sheria aliijua vizuri: baada ya mabao tisa ya Yugoslavia walikuwa wametishwa na watu wa Mobutu kuwa wakifungwa manne na Brazil wasitazamie kurudi kwao, na fedha walizoahidiwa walikuwa hawajazipata.

Sasa mtu wa Kigoma aliyapataje hayo? Hakuyaona. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mwaka 1974, wala haikuipata mpaka mwaka 1994. Alikuwa na redio, na redio ilimpa hesabu: tisa kwa bila. Hesabu isiyo na sura huingia moyoni kwa njia yake. Hakuona walinzi waliochoka wala mlinda mlango aliyetolewa baada ya bao la tatu. Alisikia idadi ikipanda tu, kama mtu anayesikia maji yakijaa chumba cha pili. Hakumwona Mwepu, kwa hiyo hakupata nafasi ya kumcheka. Wale waliocheka walikuwa na picha bila ya habari. Yeye alikuwa na habari isiyo kamili bila ya picha, na huzuni yake, kwa kadiri mtu awezavyo kukisia leo, ilikuwa huzuni ya jirani anayesikia kilio nyumba ya pili wala hajui nani amefiwa. Heshima yake kwa wachezaji wale haikuharibiwa na kile kipande cha filamu ambacho Ulaya imekirudia kwa miaka hamsini kwa ajili ya kuchekesha watu. Kama redio iliwahi kuwa na rehema kuliko televisheni, ilikuwa siku ile.

Ndaye mwenyewe hakuishi vizuri baada ya sifa zile. Katika miaka ya 1990 alipigwa risasi na majambazi nchini mwake, akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kwa shida. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa nchini Burkina Faso, umati ulisimama kimya dakika moja kumwomboleza, kumbe yu hai. Alifariki Johannesburg mwezi wa Januari 2019. Mfungaji mkubwa kuliko wote wa kombe hilo kwa mwaka mmoja alikufa mbali na kwao, baada ya kuonja maisha ambayo maelfu ya Wakongo waliovuka ziwa kuja Kigoma huyajua bila ya kusimuliwa.

Zamu ya Tanzania ilifika mwaka 1979, na aliyesimama mlangoni alikuwa tena jirani wa ziwa. Taifa Stars ilikuwa imeifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam. Tarehe 26 Agosti, huko Ndola, bao la Peter Tino lilileta sare ya 1-1, na Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza. Bao hilo limesimuliwa nchini hata kwa watoto ambao baba zao hawakulisikia. Huko Lagos mwezi wa Machi 1980 mambo yalikuwa magumu zaidi: Nigeria ilishinda 3-1, Misri 2-1, na Côte d'Ivoire ikatoka sare ya 1-1. Juma Mkambi alifunga moja, Thuwein Ally mawili. Pointi moja, mabao matatu. Kisha ukimya wa miaka 39.

Katika miaka hiyo mpenzi wa mpira wa Kigoma aliishi kwa furaha na misiba ya wengine. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyochukua timu ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, wakafa watu wote 30, kati yao wachezaji 18. Tarehe 12 Februari 2012, katika mji huohuo wa Libreville, Zambia ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa penalti 8-7 dhidi ya Côte d'Ivoire. Safari hii mtu wa Kigoma aliona. Vibanda umiza vilikuwa vimekwisha kuenea katika miji ya Tanzania: mabenchi, kiingilio kidogo, joto, na watu waliobanana mbele ya kioo kimoja. Jina lenyewe linasema kweli, maana mtu huumia mbavu kwa msongamano na huumia moyo kwa matokeo.

Mwaka 2019 Tanzania ilirudi mashindanoni nchini Misri, ikafungwa mechi zote tatu. Kongo nayo ilikuwapo, na Burundi kwa mara ya kwanza, ikaondoka bila ya kufunga hata bao moja. Lililogusa zaidi kandokando ya ziwa lilikuja Septemba ya mwaka ule, Tanzania na Burundi zilipokutana kutafuta nafasi ya kuendelea kuwania Kombe la Dunia. Zilitoka 1-1 Bujumbura na 1-1 Dar es Salaam, na Tanzania ikashinda kwa penalti 3-0. Langoni alikuwa Juma Kaseja, mtu wa Kigoma. Mkoa unaopakana na Burundi ndio uliotoa mlinda mlango ambaye hapana penalti ya Mrundi iliyompita siku hiyo.

Tena ziko klabu, nazo huzidi kuuchanganya moyo. Simba na Yanga zilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, tarehe 25 Julai 2021, bao pekee la Simba lilifungwa na Mganda, Taddeo Lwanga, na aliyetolewa kwa kadi nyekundu upande wa Yanga alikuwa Mkongo, Mukoko Tonombe. Hapana aliyeona ajabu. Mbwana Samatta, nahodha wa Taifa Stars huko Côte d'Ivoire, alikuwa ameng'ara kwanza Lubumbashi, akachukua ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015 akiwa na TP Mazembe. Kikosi cha Kongo cha mwaka 2024 kilikuwa na Henock Inonga wa Simba, na Fiston Mayele ambaye Yanga ilikuwa imemshangilia kwa misimu miwili. Kikosi cha Zambia kilikuwa na Clatous Chama wa Simba na Kennedy Musonda wa Yanga. Mtu aliyewaimba hawa kila wiki angetakiwa sasa awachukie kwa dakika 90.

Mechi za ziwa katika kundi F zilikuwa tatu. Tarehe 17 Januari Kongo na Zambia zilitoka 1-1. Siku hiyohiyo Moroko iliifunga Tanzania 3-0. Tarehe 21, San-Pédro, Samatta alimpa Simon Msuva mpira katika dakika ya 11 na Tanzania ikaongoza. Zambia ilibaki na watu kumi kabla ya mapumziko. Ushindi wa kwanza wa Tanzania katika historia ya kombe hilo ulikuwa karibu kushikwa mkononi, mpaka dakika ya 88, Patson Daka aliporuka kwa kichwa kwenye mpira wa kona. Moja kwa moja. Kuna namna ya kushindwa ambayo katika vitabu huandikwa kuwa ni sare.

Tarehe 24 ikawa zamu ya Tanzania na Kongo, mjini Korhogo. Filimbi ya kuanza ilipigwa saa tano usiku kwa saa za Kigoma, na saa nne kwa saa za Kalemie na Uvira, kwani katika nchi nne za ziwa ni Tanzania peke yake yenye saa iliyotangulia wenzake. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Mwezi mpevu ulikuwa kesho yake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi unapong'aa hukaa nchi kavu. Basi usiku ule wenye mitumbwi nao hawakuwa na kazi majini.

Hapana aliyefunga. Wakati uleule Moroko iliifunga Zambia 1-0. Hesabu ilitoka hivi: Kongo pointi tatu kwa sare tatu, ikaendelea, Zambia na Tanzania mbilimbili, zikarudi kwao. Msomaji na aliangalie jambo hili tena, kwa kuwa halitokei mara nyingi. Mataifa matatu ya ziwa moja yalikutana katika mechi tatu, na hapana hata moja lililoweza kumfunga jirani yake. Watangazaji wetu huita mechi isiyo na mabao suluhu, na neno hilo katika Kiswahili ni la mapatano kabla ya kuwa la michezo. Lakini suluhu ya Korhogo haikuwapa wote haki sawa. Matokeo yaleyale, katika dakika ileile, yalikuwa msiba kwa mmoja na wokovu kwa mwenziwe.

Hapo ndipo shida ya mpenzi wa mpira wa Kigoma inapoonekana. Mwenye bibi aliyezaliwa Baraka au Fizi, mwenye mke wa Uvira, aliyenunua vitenge kutoka kwa Wakongo maisha yake yote, aliiona timu ya nchi yake ikitolewa na akawaona watu wake wa ng'ambo wakipita. Kusema kwamba alihuzunika tu ni kumpunguza. Kusema kwamba alifurahi ni kumsingizia. Naye alikuwa na sababu ya kuuficha moyo wake, maana watu wa Kigoma wamelalamika hadharani kwa miaka mingi kwamba uraia wao hutiliwa shaka kwa urahisi kuliko wa watu wa mikoa mingine. Mtu wa Dar es Salaam anayeshangilia Kongo ni mpenzi wa mpira. Mtu wa Ujiji akifanya hivyo aweza kuulizwa babu yake alizikwa wapi. Tofauti hiyo si ya haki. Mapenzi ya jirani hayapunguzi mapenzi ya nchi, kama vile mtu mwenye shangazi hapungukiwi na mama. Na anayeyageuza makelele ya usiku mmoja kuwa ushahidi juu ya nasaba ya mtu haujui mchezo wala haijui historia ya ziwa.

Katika wilaya ya Kasulu iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya mashariki ya nchi yao, wengi wao wakivuka maji yaleyale. Wamezaliwa humo vijana ambao hawajapata kuiona Kongo. Kwao timu ile yaweza kuwa sehemu pekee ya nchi yao inayowafikia ikiwa nzima, yenye jezi safi na wimbo wa taifa, isiyokimbia. Kongo iliitoa Misri kwa penalti 8-7, ambayo ya mwisho ilipigwa na mlinda mlango Lionel Mpasi mwenyewe. Ikaifunga Guinea 3-1. Ikafika nusu fainali.

Tarehe 7 Februari, Abidjan, kabla ya kucheza na wenyeji Côte d'Ivoire, wachezaji wa Kongo walisimama katika wimbo wao wa taifa wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kichwani kama bastola. Walikuwa wakisema kwamba watu wanauawa mashariki ya Kongo na dunia imenyamaza. Watazamaji wengi wa Ulaya walihitaji kuelezwa maana ya ishara ile. Kigoma haikuhitaji mfasiri. Mwezi ulikuwa umekwisha, usiku ulikuwa wa giza, wa kazi, wenye kuwapa wavuvi sababu ya kuwasha taa zao pande zote mbili za mpaka usioonekana. Kongo ilifungwa 1-0.

Mwaka ule haukuisha kabla ya majirani hao kukutana tena, katika kundi moja la kufuzu fainali za Moroko. Kongo ilishinda mara mbili mwezi wa Oktoba, 1-0 Kinshasa na 2-0 Dar es Salaam. Novemba 16 Tanzania ilikuwa tena katika uwanja wa Kinshasa, safari hii ikicheza na Ethiopia, ambayo haikuwa na uwanja unaokubaliwa nyumbani kwake, ikashinda 2-0. Siku tatu baadaye Msuva aliifunga Guinea bao moja Dar es Salaam, likatosha. Kongo ikamaliza ya kwanza katika kundi, Tanzania ya pili, na zote mbili zikafuzu.